Sikio la Nazire

Remzi hakuwa na mapigo ya moyo. Mtu aliyemshika kifundo cha mkono angeapa kwamba ameshika maiti, ila maiti huyo alikuwa mbishi, mpenda kula, na mwepesi wa kununa. Miaka mitatu nyuma madaktari wa Izmir walimpasua kifua wakamwekea pampu ndogo ya chuma pembeni mwa moyo wake uliochoka. Pampu hiyo ilisukuma damu bila kupumzika, kwa hiyo mahali pa dundo palikuwa na mlio mmoja mwembamba, mrefu, usiokatika. Waya ulimtoka ubavuni ukaingia kwenye kisanduku kilichofungwa kiunoni, na kisanduku kilikula betri mbili alizozibeba kwenye fulana yenye mifuko mikubwa.

Yeye mwenyewe mlio huo hakuusikia sana. Alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani maisha yake yote, katika karakana ya kushona mashati iliyokuwa na vyerehani arobaini, na kelele zilikwisha kumla masikio. Aliyeusikia ni mkewe. Nazire alilala nao, aliamka nao, na akiwa anaosha vyombo jikoni mara nyingine alijikuta anaufuatisha kwa pua, kama mtu anavyofuatisha wimbo wa redio ya jirani.

Alhamisi hiyo ya mwezi wa tatu, jua linachomoza, aliamka kabla ya saa yake. Hakujua kilichomwamsha. Alikaa kitandani akatega sikio, kisha akainama akaweka shavu juu ya kifua cha mumewe.

"Mama Feride, vipi tena asubuhi yote hii," Remzi alisema bila kufumbua macho. "Tumeshazeeka."

"Nyamaza. Sauti yako imebadilika."

"Nina mafua."

"Siyo ya kooni. Ya huku ndani. Ina mkwaruzo."

Remzi alifumbua jicho moja. Kwa muda mfupi sana uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi mkononi, halafu ukarudi kuwa uso wa Remzi. Alivuta kisanduku akakisogeza karibu na pua ili asome bila miwani.

"Kasi ile ile. Nguvu, wati tano na pointi moja. King'ora kimelia? Hakijalia. Basi niache nilale."

"Siku zote ni nne na nusu."

"Na wewe siku zote una kilo sitini? Vitu hupanda, vitu hushuka. Jumapili wageni wanakuja, mke wangu. Usinianzishie."

Hapo ndipo penyewe. Jumapili familia ya Kenan ilikuwa ije kumposa Feride, binti yao wa mwisho, mwalimu wa chekechea, aliyekuwa amewakataa wachumba wawili kabla ya huyu. Remzi alikuwa amelala hospitali siku kaka yake Feride, Yavuz, alipofunga ndoa kule Ujerumani, na harusi yote aliitazama kwenye simu iliyokuwa ikikatikakatika. Tangu hapo alikuwa na neno moja tu mdomoni: Feride nitamtoa mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, nimevaa suti yangu. Suti ilikuwa tayari imetundikwa mlangoni, na Nazire alikuwa ameipanua ubavuni ili waya upite bila kuonekana.

Alimtazama mumewe akijifunika shuka hadi kichwani. Aliogopa, tena aliogopa sana, kwa sababu huo mkwaruzo aliujua. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye karakana ile ile, mstari wa tatu, akishona kola. Vumbi la uzi likianza kujikusanya chini ya sindano, cherehani hubadilika sauti siku nzima kabla uzi haujakatika. Wenzake waliendelea kushona. Nazire alikuwa akiinua mkono na kumwita fundi, na fundi, kijana mzuri wa sura mwenye mafuta kwenye kucha, alikuja, akatazama, akasema mashine haina kitu. Kesho yake uzi ulikatika. Walipofika mara ya tano fundi aliacha kubisha, na mara ya kumi akamwomba waende kunywa chai.

* * *

Mchana alikuja wifi yake, Saadet, dada mkubwa wa Remzi, aliyekaa orofa mbili chini katika jengo lilo hilo. Saadet alikuwa mjane mnene, mwenye sauti ya kuita watu sokoni. Kama kaka yake, alikuwa mjukuu wa watu waliohamishwa kutoka kisiwa cha Krete, na watu hao Izmir nzima huwatania kwa kula majani. Husemwa kwamba ng'ombe na Mkrete wakiingia shamba moja, mwenye shamba humtoa kwanza Mkrete. Saadet hakuuona huo kuwa utani. Mvua za mwisho wa baridi zikikatika, alichukua kisu na mfuko akapanda vilimani nyuma ya mji kukata upupu mchanga, ambao ukichemshwa hauwashi tena, na mabuga, na majani mengine ambayo watu wengine huyakanyaga tu, akaja kuyachemsha na kuyamwagia mafuta ya zeituni na ndimu.

Siku hiyo alikuja mikono mitupu, akaketi jikoni.

"Wifi, njoo usikilize," Nazire alimwambia, akamvuta hadi sebuleni ambako Remzi alikuwa anatazama habari. "Weka sikio hapa."

Saadet aliinama kifuani kwa kaka yake. Ndugu hao wawili walitazamana kwa karibu sana, pua kwa pua, na Nazire aliona kitu kimepita kati yao, ila hakukijua ni kitu gani.

"Nasikia friji," Saadet alisema.

"Hiyo ndiyo yenyewe, dada," Remzi akasema. "Ndiyo mimi."

"Basi mbona sawa tu. Wifi, masikio yako yanakuchezea. Una wageni Jumapili, una wasiwasi. Hata mimi kabla ya posa ya binti yangu nilisikia maji yanamwagika wiki nzima."

Wakacheka wote wawili. Nazire hakucheka. Alirudi jikoni, akafungua friji atoe limau, akakutana na kitu kingine kilichomkera tangu Jumanne: chupa tatu za bitiruti za siki. Remzi hakuwahi kupenda bitiruti katika maisha yake. Jumanne alitoka "kunyoosha miguu" akarudi nazo, na tangu siku hiyo anazila kila mlo mbele ya watu, akitangaza jinsi zilivyo tamu. Nazire alishika chupa akaitazama rangi yake dhidi ya dirisha. Kisha akakumbuka kwamba mumewe, ambaye mwaka mzima humgombeza kwa kupoteza maji, sasa anavuta maji ya choo mara tatu mfululizo.

Aliweka chupa chini polepole. Siku waliyotolewa hospitali, muuguzi aliwasomea karatasi ndefu ya dalili za hatari, na mojawapo ilikuwa mkojo mweusi kama chai iliyokolea. Pampu ikipata bonge la damu ndani yake, damu husagwa inapopita, na uchafu wake hutokea huko.

"Remzi," aliita kutoka jikoni. "Mkojo wako una rangi gani?"

Sebuleni televisheni ilisema kesho kutakuwa na upepo.

"Ni bitiruti," Remzi akajibu.

* * *

Ijumaa asubuhi alipiga simu hospitali. Sista Melike, anayewasimamia wagonjwa wa pampu, alikuwa mwema lakini ana wagonjwa tisini na simu mbili.

"King'ora kimelia, mama?"

"Hapana."

"Anaumwa? Anahema? Amevimba?"

"Amekula mayai matatu, ameshaanza kudai la nne."

"Wati ngapi leo?"

"Tano na pointi tatu."

"Imepanda kidogo, lakini bado imo ndani ya mipaka. Mimi naona mje Jumatatu tumpime."

"Mwanangu, sauti yake ina mkwaruzo. Na mkojo anauficha kwa bitiruti."

Sista Melike aliinua kalamu, akiwa hajui aandike nini. "Anauficha kwa bitiruti," alirudia. "Basi mleteni leo, ila mtangoja. Sina nafasi."

Remzi alikataa kabisa. Alisema atakwenda Jumatatu kwa miguu yake, atalazwa hata mwezi, lakini akionyesha uso pale leo hawatamwachia Jumapili, anawajua. Alikaa kwenye kiti chake akashika mikono ya kiti. Nazire hakupiga kelele. Alikwenda mlangoni akaitungua ile suti, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye mfuko.

"Unaipeleka wapi?"

"Nakwenda nayo hospitali. Ukitaka kuivaa, ifuate."

Feride, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini, alitoka chumbani akiwa ameshavaa koti. "Baba, twende," alisema. "Mimi nikiposwa Jumapili halafu Jumatatu ukaanguka, nitaishi vipi na huyo mume?" Remzi alimtazama binti yake, akatazama mfuko, akanyanyuka huku akilalamika kwamba katika nyumba hii mwanamume hana sauti. Nazire alisema sauti anayo, tatizo ndilo hilo.

Mlangoni mwa hospitali askari kijana, mpya kazini, alimzuia Remzi kwa sababu kile kizingiti cha kupima chuma kilikuwa kinapiga kelele.

"Mzee, vua huo mkanda na huo mzigo uweke hapa."

"Nikiuvua nakufa," Remzi alisema. "Hapa hapa. Utasaini wewe?"

"Mzee, watu wote wanavua."

Foleni ilikuwa imejaa nyuma yao. Ikabidi Remzi, mtu aliyefunga tai kila siku ya kazi, afungue vifungo vya shati mbele ya watu na kuonyesha tumbo lake jeupe lenye kovu na waya uliozama ndani ya ngozi. Mwanamke mmoja alimziba mtoto macho. Askari alisema samahani, akasema tena. Nazire alimfunga mumewe vifungo kimoja kimoja, taratibu, kama ana siku nzima, na kwenye kile cha mwisho akampiga kofi dogo kifuani. Alimpenda sana wakati huo, na alitamani kumnyonga.

* * *

Daktari Ilhan hakuwa amefika miaka arobaini. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala, na fulana yake ilikuwa na doa la kahawa. Alisoma kisanduku, akapima shinikizo la damu kwa kile chombo chao maalumu, akaweka kifaa chake masikioni na kusikiliza kifua.

"Nasikia mashine inafanya kazi," alisema.

"Inafanya kazi na uchafu ndani," Nazire akasema.

"Mama, mlio wa pampu hutegemea mambo mengi. Akilala ubavu, akinywa maji kidogo. Tutachukua damu, majibu nitawapigia kesho. Kama kuna kitu, Jumatatu tutaangalia."

Nazire alitoa simu. Kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri alikuwa na desturi moja: anaweka simu juu ya kifua cha Remzi, anaurekodi mlio akihesabu hadi thelathini, kisha anamtumia Yavuz Ujerumani. Yavuz aliomba hivyo mwaka ule baba yake alipopasuliwa, akasema maneno ya simu hayamtoshi, anataka kusikia mwenyewe. Ijumaa zaidi ya mia na hamsini zilikuwa humo, na chini ya kila moja Yavuz ameweka alama ya moyo au ya chozi, kutegemea alivyoamka.

"Hii ya mwezi wa kwanza," Nazire alisema. Simu ikatoa mlio. Akaufuatisha kwa pua, sauti moja, iliyonyooka. "Hii ya wiki iliyopita." Akaufuatisha tena. "Umesikia pale chini? Kuna nyingine imeingia. Inatambaa."

Mwanafunzi wa udaktari aliyesimama mlangoni alitabasamu akatazama viatu vyake. Daktari Ilhan hakumcheka, lakini alitazama saa ukutani, na hilo liliuma kuliko kicheko. "Mama, simu hubadilisha sauti. Siwezi kumlaza mtu kwa sauti ya simu. Wati zake zimo ndani ya mipaka, king'ora hakijalia."

Nazire alirudisha simu mkobani. Aliivuta zipu ya mkoba mara tatu, haikufunga. Alikuwa mwanamke wa darasa la tano, mbele ya ukuta wenye vyeti. Remzi alikuwa ameketi juu ya kitanda cha kupimia, miguu inaning'inia. Njia ilikuwa wazi. Daktari amemwachia, suti imo kwenye mfuko, na Jumapili iko kesho kutwa. Alichotakiwa kufanya ni kushuka kitandani na kushukuru.

Alitazama mikono ya mkewe.

"Daktari," alisema. "Mimi nilikuwa fundi wa vyerehani miaka thelathini na moja. Huyu mwanamke akiniambia uzi umeingia, nilikuwa nafungua mashine, naona safi, nafunga. Kesho yake inakufa. Baadaye nikajifunza kufungua na kuchimba mpaka nione. Hajawahi kukosea. Hata mara moja. Mimi nilibisha jana kwa sababu nina posa ya binti yangu Jumapili, na kwa sababu nilijua amesema kweli."

"Ulijua vipi?"

Remzi aliinamisha kichwa. "Mkojo ni mweusi tangu Jumatatu. Bitiruti nilinunua Jumanne, nipate la kusingizia."

"Na chakula?"

"Majani," Remzi alisema, akikitazama kisanduku kiunoni.

"Majani gani?"

"Upupu. Mabuga. Majani ya zabibu. Yote. Kwa dada yangu, orofa ya pili. Kila siku nikitoka kutembea natembea hadi pale. Wiki tatu sasa. Sahani, halafu sahani nyingine. Ni msimu wake, daktari. Miaka mitatu huyu mwanamke hajanionjesha jani."

Nazire aliketi. Majani ya kijani huipinga dawa ya kuzuia damu isigande. Karatasi ya hospitali ilisema hivyo, na yeye alilichukua neno hilo kwa mikono miwili akayafuta majani yote nyumbani kwake, hata kotimiri. Miaka mitatu alipika viazi na wali na kuku wa kuchemsha huku akijiona shujaa. Kumbe orofa mbili chini, mezani kwa wifi yake, mumewe alikuwa akila kifo chake na ndimu juu.

Daktari Ilhan hakuangalia tena saa. Alimtuma mwanafunzi apeleke damu na kungoja majibu mlangoni mwa maabara. Kisha akaomba simu, akachomeka visikizi, akaanza kusikiliza Ijumaa moja baada ya nyingine, kuanzia mwezi wa pili, amefumba macho. Alipofika ya sita alirudi ya tano. Akasikiliza tena ya sita.

"Inaanza hapa," alisema, kwa sauti ndogo.

"Hapo ni mwanzo wa mwezi," Nazire akasema. "Mimi hiyo sikuisikia. Nimeisikia jana."

"Mimi nisingeisikia kabisa, mama," daktari akasema.

Majibu yalikuja baada ya saa moja. Damu ya Remzi ilikuwa nzito karibu kama ya mtu asiyekunywa dawa, na kipimo cha damu iliyosagwa kilikuwa mara tatu ya kawaida. Daktari aliwaeleza bila kuzunguka. Bonge limeanza ndani ya pampu, bado dogo. Likikua, pampu itakwama au kipande kitakimbilia kwenye ubongo, na ikibidi kupasua kifua mara ya pili katika umri na hali yake hakuna anayeweza kuahidi chochote. Kwa sasa kuna nafasi ya dripu, ya kulizuia lisikue hadi lenyewe liyeyuke. Wangengoja hadi Jumatatu, asingesema hivyo kwa ujasiri.

"Na Jumapili?" Remzi aliuliza, ingawa alijua.

Feride alimshika mkono. Remzi alitazama mfuko wa suti pale chini ya kiti, akageuka ukutani, na mabega yake yakatikisika. Hakuna aliyejifanya haoni. Binti alilia naye, na Nazire akawafuta wote wawili kwa kitambaa kimoja.

* * *

Saadet alikuja siku ya pili, wakati wa kutazama wagonjwa. Nazire alimkuta amesimama kwenye ukumbi karibu na lifti, hana uso wa kuingia. Alikuwa ameleta chungwa moja, na alikuwa amelishika kwa mikono miwili.

"Niseme nini, wifi," alisema. "Aliniomba kama mtoto. Alikaa mezani akanusa mvuke akafumba macho. Mama yetu alimkuza kwa hayo. Nilisema, tangu lini majani yakaua Mkrete?"

"Nilikuita usikilize ukaniambia unasikia friji."

"Nilisikia friji kweli. Lakini nilijua ninachojua nikanyamaza. Nilifikiri utanikasirikia."

"Nimekukasirikia."

"Naona."

Nazire alikuwa ameandaa maneno usiku kucha, maneno makali ya miaka thelathini, mpaka ya ule mgawo wa mazulia ya mama mkwe. Alimtazama yule mwanamke mzee mwenye chungwa, akaona viganja vyake bado vina mabaka mekundu ya upupu alioukata kwa ajili ya kaka yake, bila glavu, kama kawaida yake. Hasira haikuisha, ila ilikosa pa kukaa.

"Ingia," alisema. "Umenye hilo chungwa umlishe. Chungwa anaruhusiwa. Halafu na mimi nina lawama zangu. Sista Melike ameniambia hata mimi nilikosea. Hawakusema majani yafutwe. Walisema kiasi kidogo, kilekile, siku zilezile, dawa ipangwe nayo. Mimi niliposikia hatari niliacha kusikiliza."

"Wewe? Hukusikiliza?"

"Usilirudie hilo mbele yake."

Remzi alilala siku kumi na moja na dripu mkononi. Nazire aliingia kila asubuhi wanapofungua milango, akavua kitambaa kilichofunika sikio, akaweka shavu kifuani. Siku ya tatu alisema bado. Siku ya tano alisema imepungua kidogo, na mchana maabara ikasema hivyo hivyo. Siku ya saba Sista Melike aliacha kujifanya anapita tu. Alisimama miguuni mwa kitanda na kalamu.

"Leo vipi, mama?"

"Imelainika. Imebaki kama punje."

Sista aliandika, kwenye faili lenyewe, chini ya joto na shinikizo: *mke anasema imelainika, imebaki kama punje.* Daktari Ilhan alipopita alisoma mstari huo kwanza kabla ya mengine. Remzi aliona, akamkonyeza mkewe. Siku ya kumi na moja Nazire aliweka shavu, akakaa hivyo muda mrefu mpaka mgonjwa wa jirani akadhani amelala. Alipoinuka alikuwa anaufuatisha mlio kwa pua, sauti moja, iliyonyooka.

* * *

Familia ya Kenan ilikuja Jumapili ya mwisho wa mwezi wa nne, alasiri, na maua na sanduku la chokoleti. Walikuwa watu wa Erzurum, wa milimani, wapenda nyama, na walitazama kwa adabu ile sahani ya majani ya kuchemsha iliyokuwa mezani kati ya vitafunio. Saadet aliipika, Nazire aliipima. Vijiko vitatu vya Remzi vilikuwa kwenye kisahani cha pembeni, na kijiko cha tatu kilikuwa kimesawazishwa kwa kisu.

Feride alileta kahawa. Ya Kenan ilikuwa imejaa chumvi, kama mila inavyotaka mchumba apimwe uvumilivu, na kijana aliinywa yote bila kukunja uso, machozi tu yakimlenga. Kisha baba yake akaweka kikombe chini, akakohoa, akasema maneno yanayosemwa: kwa amri ya Mungu na kauli ya Mtume, wamekuja kumwomba Feride kwa ajili ya kijana wao.

Palikuwa kimya. Wote walimtazama Remzi, kwenye kiti chake, ndani ya suti yake. Katika kimya hicho mlio ulisikika wazi, na mama yake Kenan, aliyekuwa hajui, alimwinamia mwanawe akanong'ona, "Wana friji nzuri." Kenan alinong'ona, "Ni mzee mwenyewe, mama." Saadet aliziba mdomo kwa mtandio.

Remzi alifungua kinywa. Neno hili alikuwa amelifanyia mazoezi miezi, hospitali alilifanyia mazoezi mbele ya wagonjwa wenzake. Alimtazama binti yake, na macho yakamjaa, halafu akageuka upande wa jikoni ambako mkewe alikuwa amesimama na sinia tupu.

"Muulizeni mama yake," alisema. "Mimi nipo kwenye kiti hiki kwa sababu yeye alisikia. Akisema sawa, ni sawa. Hajawahi kukosea."

Nazire hakuwa amejiandaa. Katika watu hao wote hakuna aliyewahi kuona jambo hili akiulizwa mama. Aliweka sinia chini. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama alivyozoea zamani kwenye mstari wa tatu kabla ya kuinua mkono, na wageni wakadhani anafikiri. Alikuwa anasikiliza. Alisikiliza hadi mwisho, bila haraka, na hapakuwa na mkwaruzo.

"Sawa," alisema. "Mchukueni." Ndipo alipoanza kulia, na Remzi akanyoosha mkono kimyakimya kuelekea kile kisahani cha majani.

"Vitatu," Nazire akasema, akilia vilevile. "Nimehesabu."